Kuhesabu Stomata za Jani Kupima Hewa ya Kale: Mwongozo kutoka Maabara ya Shule, Kisumu

Upande wa chini wa jani la mwembe umejaa matundu madogo mno, stomata, ambayo mmea huyafungua kuingiza kaboni dioksidi. Kila yanapofunguka, maji nayo hutoka. Kwa hiyo hewa ikiwa na kaboni dioksidi haba, mmea huotesha majani yenye matundu mengi upate chakula cha kutosha. Hewa ikiwa nayo tele, majani mapya huja na matundu machache na maji hubaki ndani. Idadi hiyo hupangwa jani likiwa changa, na jani likishakomaa haibadiliki tena. Likianguka ziwani, likafunikwa na tope, tope likawa mwamba, idadi ni ileile. Ukiihesabu leo umesoma hewa ya siku zile.

Mimi ni fundi wa maabara katika shule ya upili ya wasichana, njia ya kwenda Maseno. Hadubini zetu ni za kawaida za shule, za kukuza mara 40, 100 na 400, na baadhi hazina taa, zina kioo cha kuakisi mwanga wa dirishani. Zinatosha. Kazi hii naipenda kuliko zote tunazofanya mle ndani, kwa sababu msichana wa kidato cha pili anaweza kuanza na jani la nyuma ya jikoni la shule, akamaliza akielewa kwa mkono wake mwenyewe jinsi wanasayansi wanavyopata kusema hewa ilikuwaje kabla hajakuwapo mtu wa kuipima. Ninalotaka lishike mapema ni hili: hesabu ya mwisho ni mstari mmoja tu. Uzito wote uko katika kuchagua jani na kuhesabu seli. Anayeharakisha hapo atapata namba, lakini haitakuwa namba ya hewa.

Msingi wa njia hii ulipata nguvu mwaka 1987, F. Ian Woodward wa Uingereza alipochapisha hesabu ya stomata kwenye majani makavu yaliyohifadhiwa Cambridge, mengine ya tangu miaka 200 iliyopita. Msongamano wa stomata, yaani idadi yake kwa kila milimita ya mraba, ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 40. Katika muda huohuo kaboni dioksidi ilikuwa imepanda kutoka sehemu 280 hivi kwa milioni hadi 340. Viputo vya hewa vilivyonaswa ndani ya barafu ya Antaktika vinatufikisha angalau miaka 800,000 nyuma. Majani yanavuka hapo na kwenda mamilioni ya miaka. Mwaka 1999 Jennifer McElwain na wenzake walitumia visukuku vya majani, yaani mabaki ya kale yaliyohifadhiwa mwambani, kutoka Greenland na Uswidi kuonyesha kwamba kaboni dioksidi iliongezeka kama mara nne mwishoni mwa kipindi cha Triasiki, karibu miaka milioni 200 iliyopita.

Mti gani, jani gani

Achana na miwa, mahindi, mtama, na mafunjo ya kando ya ziwa. Mimea hiyo ina namna yake ya kurundika kaboni dioksidi ndani ya jani, kwa hiyo stomata zake haziifuati hewa ya nje kwa uaminifu tunaoutaka. Mkonge na mishubiri pia iache. Tafuta mti wa kawaida wenye majani mapana: mwembe, mparachichi, mzambarau, mkuyu. Kwa anayeanza nasema mwembe au mparachichi, kwa sababu stomata ziko upande wa chini pekee na jani halina manyoya ya kusumbua. Mpera una vinyweleo chini, na mukima (grevilea) umefunikwa nywele nyeupe kabisa. Hiyo ngoja mpaka mkono uzoee.

Sasa jani lenyewe. Jani la juani na jani la kivulini la mti mmoja hutofautiana kiasi cha kukupotosha kabisa: la juani huwa dogo, nene, na seli zake zimebanana, kwa hiyo stomata kwa kila milimita ya mraba ni nyingi hata kama hewa ni ileile. Chagua upande mmoja na ushikilie huo. Mimi huchuma ya juani, upande wa nje wa mti, kimo cha mkono ulioinuliwa, jani lililokomaa lakini halijazeeka, lisilo na madoa ya ukungu wala mashimo ya wadudu. Miche iliyo chini ya miti mikubwa usiichukue, kwa maana udongo hupumua kaboni dioksidi na hewa ya chini msituni si sawa na ya juu. Miti iliyo jirani na tanuri la matofali au la makaa pia ipite. Chuma majani matano kutoka matawi tofauti, na ukiweza kutoka miti mitatu. Yaweke katikati ya gazeti, andika hapohapo kwa penseli: mti, mahali, kimo cha ardhi, tarehe, jua au kivuli. Wasichana huniuliza kwa nini si kalamu ya wino. Gazeti likiloa, wino unaenda nao.

Kutoa alama ya jani

Osha jani kwa maji safi, futa kwa kitambaa laini, liache likauke vizuri. Miti ya kando ya barabara ya murramu hubeba vumbi ambalo kwenye hadubini linafanana mno na kitu cha maana. "Mwalimu, hii ni stomata ama ni vumbi?" ni swali ninaloulizwa kila muhula, na jibu ni kutazama seli linzi: stomata halisi imezungukwa na seli mbili zilizopinda zikitazamana, na katikati pana ufa. Vumbi halina seli mbili.

Paka rangi ya kucha isiyo na rangi, ile ya kung'aa inayouzwa pale soko la Kibuye kwenye vibanda vya vipodozi, upande wa chini wa jani, katikati kati ya mshipa mkuu na ukingo. Tabaka moja, jembamba, eneo la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Usirudierudie brashi kwa sababu viputo vitaingia. Subiri robo saa, zaidi siku za mvua. Bandika selotepu juu yake, bonyeza kwa kidole, kisha vuta taratibu kwa pembe ya chini. Utaona utando mwembamba umeng'oka pamoja na selotepu. Ibandike kwenye slaidi na kata pembe zinazozidi.

Usichukue karibu na mshipa mkuu, kwani pale hakuna stomata au ni chache. Ukingoni nako hesabu huyumba.

Anza na lenzi ndogo upate eneo safi, halafu panda hadi mara 400. Punguza mwanga kwa kufunga kiwambo kidogo, maana utando hauna rangi na mwanga mwingi unauficha. Mstari wa ukuta wa seli ukijitokeza, tulia utazame. Seli za kawaida za ngozi ya jani zimeunganika bila nafasi, na katikati yao stomata zimetawanyika, kila moja na ufa wake. Nimeona wasichana wakinyamaza ghafla hapo.

Jua ukubwa wa unachokitazama

Usihesabu kabla hujajua eneo. Weka rula ya plastiki ya milimita chini ya lenzi ndogo kabisa na upime upana wa duara unaloliona. Kwenye hadubini zetu, kwa kukuza mara 40, upana ni milimita 4.5. Ukikuza mara 400, yaani mara kumi zaidi, upana unashuka hadi milimita 0.45. Nusu kipenyo ni 0.225, kwa hiyo eneo ni 3.142 mara 0.225 mara 0.225, sawa na milimita za mraba 0.159. Pima ya hadubini yako mwenyewe, usichukue ya kwangu.

Lililo bora kuliko kuhesabu ndani ya duara ni kupiga picha kwa simu kupitia lenzi ya jicho, kisha kuchora mraba juu ya picha. Upana wa duara unaujua, kwa hiyo unaweza kukokotoa upande wa mraba. Mraba wa milimita 0.3 kwa 0.3 una eneo la 0.09. Stomata au seli inayogusa upande wa kushoto au wa juu wa mraba ihesabu. Inayogusa upande wa kulia au wa chini iache. Kanuni hiyo isibadilike kutoka picha moja hadi nyingine, wala kutoka mtu mmoja hadi mwingine.

Kuhesabu kwenyewe

Hapa ndipo ninapokaa na wanafunzi muda mrefu zaidi. Wengi wanataka kuhesabu stomata tu, wagawanye kwa eneo, waondoke. Hiyo inaitwa msongamano. Chukua mfano: stomata 36 ndani ya 0.09 ni 400 kwa kila milimita ya mraba. Ni namba halali lakini haiaminiki peke yake, kwa sababu jani likipata maji kidogo au jua kali seli zake zote huwa ndogo, stomata zinasogeleana, na msongamano unapanda bila hewa kubadilika hata kidogo. Mwembe uleule ukichuma jani lililotoka wakati wa kiangazi na lingine la wakati wa masika, msongamano unaweza kukuambia hadithi mbili.

Edward Salisbury aliona tatizo hili na mwaka 1927 akapendekeza kipimo kingine, faharasa ya stomata. Unahesabu stomata, unahesabu pia seli zote za kawaida za ngozi ya jani ndani ya mraba huohuo, kisha unauliza: katika kila seli mia zilizotengenezwa, ngapi zimekuwa stomata? Seli zikinywea, zinanywea zote, na uwiano haujali. Stomata 36 na seli za kawaida 264 ni jumla ya 300. Gawa 36 kwa 300, zidisha kwa 100, unapata 12.

Kuhesabu seli 264 kunachosha, sitakudanganya. Tunachapisha picha kwenye karatasi na kuweka nukta ya kalamu kwenye kila seli, nyekundu kwa stomata, buluu kwa seli za kawaida. Seli linzi mbili pamoja na ufa wake huhesabiwa stomata moja. Watu wawili wahesabu picha ileile bila kuonyeshana, ndipo walinganishe. Wakitofautiana kwa zaidi ya seli chache, hawakukubaliana ni ipi seli na ipi si seli, na hilo litatuliwe kabla ya kuendelea. Fanya picha tano kwa kila jani. Tuseme majani yako matano yanatoa wastani wa 11.2, 12.4, 11.9, 12.8 na 11.7. Wastani wao ni 12.0, na umejua pia kwamba jani moja na jingine hutofautiana hivyo katika hewa moja. Tofauti hiyo itunze, utaihitaji.

Kutoka faharasa hadi hewa

Njia rahisi kabisa inalinganisha jani la kale na jamaa wake wa karibu aliye hai. Kaboni dioksidi ya kale ni sawa na kaboni dioksidi ya leo, mara faharasa ya jani la leo, gawa kwa faharasa ya jani la kale. Vipimo vya Mauna Loa, Hawaii, ambavyo Charles David Keeling alivianza mwaka 1958 vikiwa karibu sehemu 315 kwa milioni, vilionyesha wastani wa karibu 424 mwaka 2024. Jani lako la leo ni 12. Tuseme jani la kale lina 15. Basi 424 mara 12, gawa kwa 15, ni 339.

Usiandike 339 ukaacha hapo. Ukitumia jani lako la chini kabisa, 11.2, unapata 317; ukitumia la juu, 12.8, unapata 362. Na jani la kale nalo lina mtawanyiko wake, kwa hiyo ukweli uko kwenye upana mkubwa kuliko huo. Namba moja bila upana wake mimi huikataa hata kama hesabu ni sahihi.

Hesabu hiyo inadhani kwamba kaboni dioksidi ikiongezeka maradufu, faharasa inashuka nusu. Miti mingi haishuki hivyo, na kila spishi ina mwendo wake. Dawa yake ni majani yaliyokaushwa zamani ya spishi ileile, yenye tarehe. Hebaria ya Afrika Mashariki iliyo Nairobi, ndani ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ina majani ya namna hiyo yaliyokusanywa katika eneo letu kwa miongo mingi. Andika barua kupitia shule, eleza unataka nini, na usiguse karatasi yoyote kwa rangi ya kucha bila ruhusa. Jani la hebaria likichunika limeharibika kwa wote watakaokuja. Ukipata ruhusa, chora grafu: mwaka 1960 hewa ilikuwa karibu 317, mwaka 1980 karibu 339, mwaka 1990 karibu 354. Weka faharasa ya kila mwaka dhidi ya hewa yake. Ukiona mstari unashuka, mti wako unafaa na mstari huo ndio utakaosomea jani la kale. Ukiona nukta zimetawanyika ovyo, mti huo haufai kwa kazi hii, tafuta mwingine.

Ukomo mwingine: hewa ikizidi sana kaboni dioksidi, mimea mingi huacha kupunguza stomata. Mstari unalala. Jani linalosema 700 linaweza kuwa lilikulia kwenye 700 au kwenye 1,200, kwa hiyo namba kubwa ichukulie kama kiwango cha chini. Kwa sababu hiyo, mwaka 2014 Peter Franks na wenzake walitoa njia nyingine inayotumia pia ukubwa wa stomata na isotopu za kaboni (aina za kaboni zenye uzito tofauti) za jani lenyewe, ikikokotoa jinsi gesi ilivyopita ndani ya jani. Inahitaji mashine ambazo shule haina.

Mlima hubadilisha hesabu

Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850, na Timboroa imepita 2,700. Sehemu kwa milioni ni zilezile kote, lakini hewa inakuwa nyepesi ukipanda, hivyo molekuli za kaboni dioksidi zinazogonga jani ni chache. Mmea huitikia hilo. Jani lililokulia mlimani linaweza kuonekana kama lilikulia kwenye kaboni dioksidi ndogo kumbe ni kimo tu. Kama una jamaa Nakuru, mwombe akutumie majani ya mparachichi kwa matatu, ya juani, yaliyokomaa, na uyalinganishe na ya kwenu. Baridi na jua vya huko pia vinachangia, kwa hiyo usiseme umepima kimo peke yake. Lakini utakuwa umeelewa kwa nini anayesoma kisukuku lazima kwanza aulize mahali pale palikuwa juu kiasi gani wakati huo.

Visukuku vya kwetu

Kila ninapoeleza haya kuna anayetaja Rusinga, na ana haki. Kisiwa hicho, ambako Mary Leakey aligundua mwaka 1948 fuvu la nyani wa kale aliyeitwa Proconsul, kina tabaka za karibu miaka milioni 18 zilizofunikwa na majivu ya volkano ya Kisingiri, na ndani yake mna mbegu, matunda, visiki vya miti na majani. Lakini alama ya jani mwambani, yenye umbo na mishipa, bado haikupi stomata. Unahitaji kutikula, ile ngozi ya nta ya jani, iwe imebaki kama utando mweusi au wa kahawia. Jani lisilo na kutikula lina kazi nyingine: kingo zake, kama ni laini au zina meno, na ukubwa wake huwasaidia wataalamu kukadiria joto na mvua. Kwa Afrika Mashariki, majani yenye kutikula nzuri yamepatikana Ethiopia, Chilga na bonde la Mush, ya karibu miaka milioni 27 na 22, na yametumika kukadiria kaboni dioksidi kwa njia hizi.

Ukiona kisukuku chochote, kiache kilipo. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inakataza kuchimba au kuchukua bila leseni. Piga picha ukiweka sarafu kando yake kuonyesha ukubwa, andika mahali, na uwapelekee makavazi ya Kisumu.

Wataalamu hutoa kutikula mwambani kwa asidi, na mojawapo, haidrofloriki, hupenya ngozi ya mtu hadi mfupani. Isikanyage maabara ya shule kwa sababu yoyote. Tunaloweza kufanya sisi ni kuzoea kutikula ya jani lililo hai: kata kipande cha sentimita moja, kiloweke kwenye Jik (dawa ya kung'arisha nguo) iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, dirisha likiwa wazi na glavu mkononi, kwa saa kadhaa hadi siku mbili kulingana na unene wa jani. Usiichanganye na asidi wala dawa nyingine ya usafi. Nyama ya jani ikiyeyuka, unabaki na ngozi mbili nyembamba kama ganda la kitunguu. Zisuuze mara kadhaa, tia tone la safranini (rangi nyekundu ya maabara), tandaza upande wa chini kwenye slaidi na funika. Kuta za seli zitatoka nyekundu, wazi kuliko za rangi ya kucha, na hivi ndivyo kisukuku kinavyoonekana kwa anayekisoma. Ukitaka kulinganisha jani la leo na kisukuku, tumia kutikula kwa yote mawili, usilinganishe kutikula na alama ya rangi ya kucha.

Kwenye kila slaidi bandika karatasi yenye spishi, mahali, kimo, tarehe ya kuchumwa, upande wa jani, njia iliyotumika, na jina la aliyehesabu. Picha zilizowekwa nukta zihifadhi pamoja na slaidi, ili mwingine akitilia shaka hesabu yako aweze kuirudia seli kwa seli.